Dini Iliyotoka Vitabuni

Treni haijafika hata kituo cha pili, fundi cherehani aliyekaa kando yangu akamgeukia kijana mwenye joho la bluu. “Mwanangu, hii dini yenu ya majoho, eti imetoka kwenye filamu?”

“Kwenye vitabu, mama. Filamu waliiharibu.” Kumbe hata wao wana wazushi wao.

“Mtunzi yuko hai?”

“Yupo.”

“Anasemaje?”

Kijana akashusha pumzi. “Anasema ni hadithi tu. Tunamwombea.”

Mama alicheka mpaka miwani ikamponyoka. Kisha akauliza taratibu, “Mtu akifiwa, mnakwenda?”

“Sote, mama. Na viti tunabeba.”

“Mume wangu tulimzika watu sita,” akasema.

Treni ikasimama. Mama akalishika joho pindoni. “Hili limeshonwa na adui wa dini yenu. Kesho niletee humu humu kwenye treni, nikalishone upya.”