Meja Ambrosi Kalinga, Mjenzi wa Madaraja Aliyechelewa Maziko ya Mama

“Dada Rozalia, utaninunia mpaka lini? Mto ulibeba daraja, watu wamekwama, ningewaacha?” Hivyo ndivyo marehemu alivyonilalamikia miaka ishirini na tatu, maana nilimnunia kwa kuwa mama alizikwa yeye hajamtupia udongo kaburini.

Meja Ambrosi Kalinga, kitinda mimba wetu, alizaliwa hapa Ipogolo tarehe 14 Machi 1969. Alisoma sekondari Tosamaganga, na hesabu alizipenda kuliko ugali. Mwaka 1991 alimaliza mafunzo ya kijeshi ya JKT Mafinga, akachaguliwa kwenda chuo cha maafisa Monduli. Mwaka uliofuata akatoka Luteni Usu.

Kozi ya uhandisi medani, ile ya kujenga na kuchimba vitani, aliiendea na viatu vinang’aa. Sajenti Silvester akampa koleo: “Afande, hesabu zako tumeziona. Sasa tuone mgongo.” Alichimba mahandaki wiki mbili, huku akituandikia barua za kunung’unika. Baadaye jeshi lilimsomesha chuo kikuu, akawa mhandisi wa ujenzi na kupanda hadi Kapteni. Sasa maafisa vijana walipoletwa kwake, aliwapokea na nini? Koleo! Wengine mpo hapa mnacheka. Asanteni kwa kuja kumbeba.

Mama alifariki tarehe 11 Aprili 2001. Ambrosi alikuwa porini anasimamia daraja la muda, akafika siku nne baada ya maziko. Mimi na mdomo wangu nikamwambia, “Rudi kwa hilo daraja, ndilo lililokuzaa.” Akaenda kulala kwa jirani.

Mwaka 2003 alifunga ndoa na Tumpe, mjini Mbeya, Mungu akawapa Clement na Faustina. Tumpe, wifi yangu, umemtunza, tumeona. Alistaafu mwaka 2019 akiwa Meja.

Figo zilianza kumsumbua Januari 2024. Alifariki hospitalini Mbeya tarehe 9 Juni 2025, saa kumi na moja alfajiri. Madaktari na wauguzi, Mungu awalipe. Ameacha mjane, watoto wawili, mjukuu mmoja na mimi dada yake.

Ndugu mnaoniuliza kama tulipatana, sikieni. Desemba iliyopita alimwomba Clement amlete kutoka Mbeya mpaka kwenye kaburi la mama. Kuinama hakuweza. Nikachota udongo, nikamwekea kiganjani, akauachia taratibu.

“Mama, nimechelewa,” akasema.

Nikamwambia, “Umefika, baba. Twende ukale.”

Pumzika, Ambrosi. Kwangu hudaiwi.