Tube kwangu, chassis kwa mwingine

Ndugu wa shirika yetu ya sala, mamans na bapapa, amani iwe kwenu. Musipige makofi kwanza. Mimi mutu akinipigia makofi mbele sijasema kitu, ninaanza kujiuliza anatafuta nini.

Wameniomba nieleze vile Mungu alinitoa mahali nilikuwa nimeanguka. Nitaeleza, lakini jina ya mutu hamutasikia hapa. Wenye inawahusu wanajijua, na wamoja niko ninawaona.

Kazi yangu munaijua. Ninatengeneza televisheni za zamani, zile za kioo kizito na mugongo murefu. Marehemu bwana yangu wa ndoa njo alinifundisha, na alipokufa nikabakia na table yake hapa Muhumba. Sasa, kulikuwa papa mumoja mwenye sale ya jeu, nyumba ya michezo, zile mashini kubwa za kusimama, vijana wanacheza mbio ya magari na vita. Ekra za mashini, vile vioo vya picha, zikaanza kufa. Papa akatafuta televisheni za occasion, zenye zimeisha kutumika Ulaya, ili tutoe tube ndani yake tuziweke ku mashini.

Ngoja nieleze kidogo, hata maman mwenye hajafungua redio ataelewa. Ekra iko na vitu viwili. Kuna tube, njo kioo yenyewe. Kuna chassis, njo planche, ubao ya nyaya na transistor yenye inalisha ile kioo. Kati yao kuna bobine, shaba ya kuzungushwa ku shingo ya tube. Bobine na chassis vinapaswa kupatana. Fiche zote za kuunganisha nyaya zinaweza kuingia vizuri, picha ikatoka, na bado havipatani. Kiatu kinaweza kukuingia ku muguu na kikuumize mbele ufike Walungu.

Papa yule hakuamini mafundi. Simulaumu sana, hapa Bukavu tunajuana: unapeleka televisheni kwa fundi, inarudi tumbo wazi. Njo akafanya akili yake. Tube akaleta kwangu, chassis akapeleka kwa fundi mwingine, kule Kadutu. Alisema mutu mwenye kushika nusu ya kitu hawezi kukiiba.

Na mimi nikaanza shaka yangu. Yule fundi ni nani? Sababu gani chassis iende kwake, mimi nipewe kioo? Nilisema moyoni, huyu atanichimbia shimo.

Nikajaribu tube ku chassis yangu ya kujaribia ya atelier: picha safi. Yeye akajaribu chassis ku tube yake: safi. Papa akaviunganisha mwenyewe kule sale, mafundi tukiwa mbali. Picha ikatoka, nyembamba kidogo, vijana wakacheza. Kisha harufu ya kuungua ikajaa nyumba: transistor imekufa. Fundi wa Kadutu akaibadilisha, papa akarudisha vyote, na ikaungua tena.

Papa akakuja kwangu na hasira yake yote.

— Maman, tube yangu ulipeleka wapi?

— Njo hiyo ulichukua, papa.

— Hapana! Yangu niliitia alama. Vernis nyekundu ya kucha ya bibi yangu, ku pembe. Hii haina kitu. Umebadilisha!

Ndugu zangu, nawaambia ukweli. Ile alama nilikuwa nimeifuta kwa mikono yangu! Tube inafika na vumbi ya Ulaya na ya njia, ninaipangusa na alcool. Niliona doa nyekundu ku pembe, nikafikiri uchafu, nikasugua mpaka ikatoka. Nikamueleza vile. Akacheka.

— Ah bon? Mwizi mwenye kupenda usafi!

Neno likatembea kunishinda mbio. Watu wakakuja kuchukua televisheni zao, hata zenye nilikuwa nimezifungua nusu, wakabeba vis, zile misumari za kuzungusha, ndani ya sachet. Walikuwa wanachungulia ndani mbele yangu, sawa vile wanajua kitu gani kinapaswa kuwa mule! Na hapa kwetu pia. Siku moja ku misa, wakati ya kupeana amani, maman mumoja alinipa mukono ya kuume, na ya kushoto ikabana sac yake ya pesa ndani ya kwapa. Ile iliniuma kupita maneno ya papa. Nikaacha kukuja. Nikasema niko na malaria.

Nyumbani nilikuwa ninapika tu shaka. Kwangu mwenye makosa alikuwa fundi wa Kadutu: anaunguza chassis kwa makusudi ili jina yangu ioze, abakie yeye peke yake. Siku moja nikapita mbele ya atelier yake, kitambaa ya kichwa nimeshusha mpaka ku macho. Na yeye alikuwa nyuma ya rido, pazia ya mulango, ananichungulia.

Njo mukubwa wa shirika yetu akafika nyumbani.

— Malaria gani hii inakula wali vizuri hivi? Wewe na ule fundi, mumeisha kuongea?

— Niongee naye nini, maman? Mwizi wa jina yangu!

— Basi mutaongea mbele yangu.

Akatukusanya sote kule sale: papa, fundi na mimi. Fundi akakaa mbali, multimètre yake ya kupima umeme ku mapaja.

— Usiguse chassis yangu, akasema.

— Na wewe usiguse tube yangu.

— Mukiendelea, mukubwa akasema, nitagusa masikio yenu.

Fundi akasogea, akapima bobine ya tube yangu. Akaenda ku pembe, kwa tube ya zamani yenye ilikufa ndani ya ile mashini, akapima bobine yake pia.

— Maman, kuya uone, akaniambia.

Nikaona. Upinzani ya umeme, résistance, ya bobine ya televisheni ilikuwa chini, chini sana. Ilikuwa inavuta moto ya umeme kupita nguvu ya chassis. Yeye alikuwa amejaribu chassis na bobine yake ya atelier, mimi bobine na chassis yangu. Kila mumoja alikuwa na haki kwake nyumbani. Vitu vyetu havikuwa vimekutana mbele yetu hata siku moja, juu papa aliogopa wezi.

Dawa ilikuwa kutoa bobine ya ile tube ya zamani, tuivalishe hii mupya. Shingo zilikuwa sawa. Tukafungua vis, yeye akishika mwangaza ya telefone nyuma ya kioo. Akainamisha telefone karibu na pembe. Nikasema, haya, sasa ananitafutia lingine.

— Papa, akauliza, vernis ya bibi yako iko nyekundu namna gani?

Nyuma ya sikio ya chuma yenye kushika pembe ya tube, pale kitambaa yangu ya kupangusa haikufika, vernis ilikuwa imetiririka na kukauka. Ule mutu angenyamaza, kazi yote ya sale ingekuwa yake. Hakunyamaza.

Papa aliinama, akaangalia, akavua kofia. Tukawasha. Picha ikajaa ekra yote, pembe kwa pembe. Mimi nililia mbele ya mashini ya mbio ya magari.

Ninamushukuru mukubwa wetu, mwenye hakuamini malaria yangu. Ninamushukuru yule fundi. Leo tuko ku table moja, yeye chassis, mimi tube. Asubui anahesabu tournevis zake za kufungua vis, na mimi zangu, polepole tutaacha. Na ninyi, mbele ya kumuita mutu mwizi, mulete vipande vyote mahali pamoja, na wenye kuvishika wakuwe pale.

Ninamalizia. Maman wa ile sac: leo mutoto wako alilia, ukatoka naye inje, sac ukaniachia ku mapaja bila kuangalia nyuma. Nimekaa nayo sala yote. Iko hapa. Kuya uichukue, lakini tafazali uifungue uangalie ndani mbele ya wote, juu mimi bado sijazoea kuaminiwa.