Mama Ethel, Aliyegoma Kuwatoa Kangaja

Jumatano tarehe 30 Juni 1999, Bi. Severina Namkoka, ambaye wengi wetu tunamwita Mama Ethel, atakabidhi funguo za maabara ya shule yetu hapa Newala na kustaafu utumishi wa umma. Ametumikia miaka thelathini na mitatu. Katika muda huo amefanya kazi chini ya wakuu wa shule tisa, na kwa kumbukumbu zetu amebishana na wanane. Wa tisa alikaa miezi miwili tu.

Alizaliwa Mkunya mwaka 1944. Mwaka 1966 aliajiriwa Masasi kuwa mhudumu wa maabara, kazi ambayo wakati ule ilikuwa kuosha chupa na kufunga madirisha. Kuchanganya kemikali alijifunza mwenyewe, kwa kuwasikiliza walimu wakifundisha huku yeye akipangusa meza. Alipohamishiwa hapa mwaka 1974, mwalimu mmoja mgeni alimtuma amletee asidi, "ile ya chupa ya kahawia." Mama Ethel alimjibu kwamba chupa za kahawia ziko kumi na moja, zipo zitakazomuunguza, kwa hiyo ataje jina. Tangu siku ile kila mwalimu hutaja jina.

Lakini aliyoyafanya kuanzia mwaka 1993 ndiyo yaliyomfanya ajulikane mpaka Nanganga. Biashara ilikuwa imefunguliwa, kila mtu akijaribu bahati yake, na mzazi mmoja, Bwana Humphrey, alikuwa amepata leseni ya kupeleka nje samaki hai wa mapambo kutoka Mtwara. Biashara ilimshinda mwaka uleule. Akatuletea tangi lake la kioo, urefu futi sita, pamoja na pampu ya hewa. Kikao cha walimu kilipendekeza tutunzie vitabu. Mama Ethel, ambaye hakuwa hata mjumbe wa kikao, aliingia na kusema watoto wetu wanaandika kwenye mtihani habari za matamvua ya samaki waliyemwona akiwa mkavu tu. Alitaka maji ya bahari na samaki hai.

Tulicheka. Newala ni nyanda za juu, na maji ya kunywa yenyewe ni ya kusubiriwa. Ila msimu ule wanunuzi binafsi wa korosho walikuwa wameanza kupandisha malori matupu kutoka Mtwara, na yeye akawauliza madereva kwa nini wanapakia upepo. Ndani ya wiki tatu madumu ya maji ya bahari yalikuwa yamepangwa nyuma ya maabara. Umeme ulipokatika na pampu kuzima, alijaza upepo kwenye mpira wa ndani wa tairi la lori kwa pampu ya baiskeli, akauachia kidogokidogo kupitia mrija wa dripu. Samaki walipumua.

Samaki aliowachagua ni kangaja. Ni samaki bapa, mla mwani, mwenye kisu kidogo kila upande wa shina la mkia, na kisu hicho hukitumia. Wa kwanza alikuwa wa rangi ya bluu mwenye pezi la njano mgongoni. Wanafunzi walimwita Mlanguzi, kwa sababu alihodhi mwani wote na hakutaka mwingine asogee. Mama Ethel alimwongezea mwenzake wa umbo na rangi ileile, akidhani ndugu watapatana. Asubuhi ya pili alimkuta mgeni amechanwa ubavuni, amekufa. Mgeni wa pili alikufa hivyohivyo. Wa tatu hakuchanwa, ila alikuja na madoa meupe kama punje za chumvi, na hakumaliza wiki. Mama Ethel aliandika kila kifo kwenye daftari: tarehe, saa, na kosa lake mwenyewe. Nilikuwa mgeni kazini wakati ule, nimetoka Moshi kufundisha biolojia, na sikuwahi kuona mtu mzima akijiandikia makosa kwa wino.

Mwanzoni mwa 1995 ilikuja zamu ya kupunguza watumishi. Afisa mmoja kutoka mkoani alipita kukagua nani anahitajika. Alisimama mbele ya tangi lenye samaki mmoja.

"Mama, kazi yako hasa ni nini?"

"Maabara yote hii, baba. Na hili tangi."

"Nasikia wengine wamekufa."

"Watatu."

"Samaki wa baharini hawaishi Newala," alisema afisa, akaandika. Jina la Severina Namkoka likaingia kwenye orodha ya wanaopendekezwa kupunguzwa, uamuzi wa mwisho ukingoja ukaguzi wa Oktoba. Mkuu wa Shule, Mwalimu Reginald, akiogopa lawama, alimwandikia barua: tangi liondolewe, na samaki mwingine asiletwe. Barua ilimrudia siku ileile. Chini yake palikuwa na maneno mawili na jina: "Nimesoma. Sikubali. S. Namkoka."

Nilimfuata maabara. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kugeuka.

"Mama, watakufukuza."

"Orodhani nimeshaingia, Mwalimu Sia. Watanifukuza mara ngapi?" Kisha akasema taratibu, "Nikiondoka, niondoke. Lakini nisiondoke wakisema nilishindwa na kangaja."

Alisoma daftari lake mwanzo hadi mwisho, akapanga upya. Alimwandikia Pili, mama anayechokoa pweza Mtwara, amtafutie kangaja watatu wadogo wasiofanana na Mlanguzi wala wao kwa wao: mmoja wa mistari myeusi, mmoja wa kahawia mwenye mdomo wa kukwangua mawe, na mmoja mwenye mapezi mapana kama tanga. Mwenye umbo kama lako, alituambia, unamwona mwizi wa chakula chako; wa umbo jingine unaweza kumvumilia.

Walifika kwa basi ndani ya mifuko ya plastiki. Hakuwamwaga majini. Aliacha mifuko ielee tangini mpaka joto likalingana, akawahamishia kwenye ndoo na kudondoshea humo maji ya kwetu, tone kwa tone kwa mrija wa dripu, muda wa vipindi viwili vya darasa. Aliwachota kwa bakuli, maana kile kisu cha mkiani hunasa kwenye wavu. Kisha aliwaweka wiki nne kwenye mapipa stoo, akiwakagua kila asubuhi kama wana madoa. Mwalimu Reginald alipouliza stoo kuna nini, alijibiwa ukweli. "Kangaja watatu, Mkuu. Barua yako ninayo." Mkuu alirudisha mlango, akaenda zake. Hakuandika nyingine.

Wiki nne zilipoisha alimtoa Mlanguzi na kumpeleka pipani yeye. Akapangua mawe yote ya tangi, akayajenga upya, pasibaki kona ya mtu. Wapole watatu waliingia kwanza, wakapazoea. Baada ya mwezi Mlanguzi alirudishwa, ila ndani ya kapu la plastiki lenye matundu: aonane nao, asiwafikie. Siku kumi alipiga kapu kwa mkia. Siku kumi mwani uliwekwa ncha zote mbili za tangi kwa wakati mmoja, ili asiwepo wa kuhodhi.

Jioni ya kumwachia, tulifunga mapazia ya maabara. Mlanguzi alitoka, akatafuta kona yake, haikuwepo. Akamwendea yule wa tanga na kumgeuzia kisu. Yule alifungua mapezi yake yote, akawa mkubwa mara mbili, hakusogea hata kidogo. Mama Ethel alikuwa ameshika bakuli, tayari kumchota mgomvi. Walizungukana, wakazungukana tena, kisha Mlanguzi akaenda kula. Mama Ethel aliketi kwenye stuli, akajifunika uso kwa khanga, na sisi tukajifanya tunaangalia samaki.

Afisa alirudi Oktoba. Alikuta kangaja wanne, wanene, na kidato cha tatu kikichora matamvua yanayofunguka na kujifunga. Aliuliza maswali karibu saa nzima: kwa nini tangi linaongezwa maji ya mvua, siyo ya bahari? Kwa sababu maji hukauka na chumvi hubaki. Kwa nini huyu hamuumi yule? Akaelezwa. Mwishoni alifunga faili lake.

"Mama, aliyekufundisha haya ni nani?"

"Wale watatu waliokufa," alisema Mama Ethel, akamwekea daftari mkononi.

Jina lake lilifutwa kwenye orodha. Barua ya kumbakiza ilisainiwa kwa furaha na Mwalimu Reginald, ambaye siku hizi, akiwa amehamia Masasi, huwasimulia watu kwamba wazo la kangaja lilikuwa lake. Mama Ethel anajua, na amesema tumwache.

Mwezi uliopita shule ilitaka kumpa tangi lile kama zawadi ya kuagwa. Alikataa mbele ya kikao, na safari hii alikuwa mjumbe. Alisema samaki ni wa wanafunzi, naye akisikia wameuzwa atakuja Newala kwa miguu kutoka Chilangala, anakokwenda kulima mikorosho yake. Hakukubali kumwachia funguo Bwana Nathanaeli, anayempokea maabara, mpaka huyo alipoingiza kangaja mpya peke yake, bila kuuliza swali. Samaki huyo anaendelea vizuri.

Mama Ethel, asante kwa kila chupa iliyooshwa na kwa kila amri uliyoikataa kwa sababu nzuri. Mungu akupe afya, mvua ya wakati wake, na majirani unaoweza kubishana nao. Tangi halitoki. Tumekwishamwandikia hivyo Mkuu mpya, na wote tumesaini.