Vikapu Viwili vya Bwana Himid

Leo Ijumaa, tarehe 27 Machi 2026, wiki moja baada ya Idi, Bwana Himid Seif anasimama kwa mara ya mwisho kwenye kaunta ya duka letu la Thornton Heath, baada ya kuitumikia miaka ishirini na miwili.

Ni mzaliwa wa Wete, Pemba. Alifika London mwaka 2001, kama wengi wa kwao, akasafisha maofisi kabla ya kuja kuomba kazi kwa Bwana Dhiren, mwenye duka, ambaye ni mtu wa Kisumu. Usaili ulikuwa mfupi. Aliulizwa kama anajua bamia. Alivunja ncha ya bamia moja, akatega sikio, hakusikia mlio wa bamia changa, akashauri sanduku zima lirudishwe. Lilirudishwa, naye akaanza kazi mchana uleule. Tangu siku hiyo hakuna mtu mwingine aliyeruhusiwa kuvunja bamia zetu.

Wageni wa karamu hii ya kumuaga huuliza kwa nini dukani kwetu kila mteja hupewa vikapu viwili, cha njano na cha buluu. Jibu linahitaji maelezo kidogo.

Mama mjamzito au mwenye mtoto wa chini ya miaka minne, ikiwa kipato chake ni kidogo, huweza kupata kadi ya Healthy Start, msaada wa serikali ya Uingereza wa chakula cha watoto. Kadi hiyo hununua maziwa ya ng'ombe yasiyotiwa ladha, maziwa ya unga ya watoto wachanga, matunda na mboga, ziwe mbichi, za kugandishwa au za kopo, pamoja na maharage, choroko na jamaa zao. Hainunui mchele, mkate, mafuta, juisi wala bizari. Kiazi kitupu kinakubalika. Kikishakatwa chipsi na kutiwa mafuta, hakikubaliki tena. Mashine ya kulipia haijui kilichomo kikapuni. Anayejua ni aliyesimama kaunta.

Mwaka 2022 aliyesimama kaunta alikuwa Bwana Himid, na mbele yake alikuwa Afra, mama kijana mwenye binti wa mwaka mmoja, Malak. Afra aliweka maziwa, nyanya na mfuko wa muhogo wa kugandishwa, akatoa kadi. Bwana Himid aliutenga muhogo, akamweleza, kwa sauti ya mtu anayependa kueleweka, kwamba muhogo ni chakula cha kushibisha, sahanini hukaa mahali pa wali, na wali hauruhusiwi.

Foleni ilikuwa ndefu. Shiro, mteja wetu wa siku nyingi, alisema kutoka nyuma, “Wacha kutuchelewesha bana. Kama ni ya bure, si achukue kile anapewa.”

“Basi, ami,” Afra akamwambia Bwana Himid. “Baki navyo vyote.” Akambeba mtoto, akatoka.

Jioni Bwana Dhiren alimwuliza Bwana Himid mbona viazi huvipitisha kila siku.

“Mbatata ni kitu cha mchuzini,” akajibu.

“Kwenu huko. Hapa muhogo na kiazi ni ndugu.”

Bwana Himid alikubali kosa, akangoja Afra arudi aombwe radhi. Hakurudi. Bi Ummukulthum, mkewe Bwana Himid, alisikia kwa kina mama kwamba kadi imefungiwa kabatini, Afra anaona aibu kuitoa duka lolote, na Malak anapewa chai ya rangi kwa kuwa pesa za maziwa hazipo.

Bwana Himid alichukua maziwa na muhogo, akaenda nyumbani kwa Afra. Alisita mlangoni kwa muda ambao muhogo wenyewe unaweza kuushuhudia, maana alipobonyeza kengele ulikuwa umeshayeyuka.

Afra alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, “Muhogo haukuniudhi, ami. Iliyoniudhi ni foleni.”

Siku ya pili vikapu vya njano viliwekwa mlangoni kando ya vile vya buluu. Vinavyokubaliwa na kadi viende kwenye cha njano, vingine vyote cha buluu, na apangaye ni mteja mwenyewe, palepale kwenye rafu, akimwuliza Bwana Himid kwa faragha akitaka. Sheria ilikuwa ya kila mtu, awe na kadi au asiwe nayo. Bi Nasim, mfamasia, aliuliza sababu ya kutenganisha bilinganya zake na biskuti zake. Aliambiwa ni utaratibu wa duka. Shiro aliambiwa vivyo hivyo, mara nyingi. Bwana Dhiren alilalamikia gharama za vikapu, na bado analalamika.

Wiki ya tatu Afra aliingia na Malak. Alifika kaunta na vikapu viwili, kati ya Shiro mwenye viwili na Bi Nasim mwenye viwili. Maziwa yalipita. Muhogo ulipita. Hakuna aliyegeuka kutazama.

Malak sasa anasoma shule na kadi imekwisha muda wake. Afra ndiye aliyetutaka tuyaandike haya, na muhogo wa nazi mtakaokula leo ni wa mkono wake.

Bwana Himid, ahsante kwa kazi njema. Tunakuombea afya, usingizi wa asubuhi, na subira kwa Bi Ummukulthum, ambaye ameshatangaza kwamba jikoni kwake hapana utaratibu wa duka. Jumatatu utakapokuja kama mteja, vikapu vitakuwa palepale mlangoni. Chukua viwili.