Ubao wa Bwana Geddes

Bwana Farquhar Geddes, mtunza shule yetu, anastaafu Ijumaa tarehe 28 Juni 2019, baada ya miaka thelathini na mmoja ya kazi. Amepasha madarasa joto, ameteremsha mipira kutoka paani, na aliwahi kufukuza popo watatu maktabani kwa kutumia ramani ya dunia.

Lakini kazi yake tunayoijua zaidi ni ubao wa getini. Kila asubuhi huteremka kupima kina cha mto, kisha huandika hali ya siku, ili watoto wajue kama watarudi nyumbani kwa njia ya mtoni au ya juu. Zamani neno lake lilikuwa moja: dreich. Hapa Uskoti ndivyo tunavyoliita anga la kijivu lenye manyunyu yasiyokoma. Tunayaita hivyo pia mahubiri marefu, supu iliyopoa na shangazi asiyecheka.

Machi 2001, baada ya siku arobaini za manyunyu, aliandika neno hilo bila kuteremka mtoni. Usiku wa kuamkia siku ile theluji ilikuwa imeyeyuka milimani na mto umefurika. Murdo Rennie, mwenye miaka minane, aliusoma ubao, akapita njia ya mtoni. Mwili wake ulipatikana siku ya tatu.

Wachunguzi hawakumlaumu mtu. Bwana Geddes alijilaumu mwenyewe, na neno lile hakuliandika tena. Aliandika vipimo tu, na hakukosa kuteremka hata alipougua mapafu. Sisi tusiojua tulimtania: "Bwana Geddes, si useme tu dreich? Utachoka mkono." Alijibu, "Wahi darasani."

Jumatatu iliyopita Bi Elspeth Rennie, mama yake Murdo, anayepika jikoni kwetu, alitoka nje kwenye mvua na aproni yake, akamfuata ubaoni. Kwa miaka kumi na minane wawili hao walikuwa wakisalimiana kwa kichwa tu. Alimnyang'anya chaki, akaliandika neno lile chini ya vipimo.

"Umeshapima, Farquhar?"

"Nimeshapima."

"Basi. Ni manyunyu tu haya. Njoo unywe chai, umeloa kama kondoo."

Alikwenda. Kengele ya kwanza, ambayo huipiga yeye, ilichelewa dakika ishirini, na hakuna mwalimu aliyeuliza.

Bwana Geddes, asante kwa asubuhi zote hizo. Kuanzia Agosti mto tutaupima sisi, kwa zamu, kila siku. Tunakutakia mapumziko mema. Asubuhi wewe lala tu.