Mzee Wathome na Swali la Njiani

Ijumaa hii, tarehe 27 Juni 2025, Mzee Wathome Musili anatimiza miaka thelathini na moja na miezi minne ya kuuliza watu wa Machakos wanakula nini, wanalala wapi na mioyo yao ikoje. Anastaafu akiwa karani wa utafiti wa nyanjani, cheo kile kile alichoanza nacho Februari 1994. Niliambiwa niandike mambo ya kufurahisha. Nitajaribu.

Kwa wageni wasiojua kazi yetu: kituo chetu cha utafiti hufuata kaya zile zile kila baada ya miaka miwili. Tunauliza mapato, mifugo, mabati, siku za kulala njaa. Halafu linakuja swali la ngazi. Mtu anaambiwa afikirie ngazi ya vidaraja kumi, juu kabisa maisha mazuri, chini kabisa maisha mabaya, aseme yeye amesimama wapi.

Mzee Wathome hutembea na sukari yake mkobani, maana aliona nyumba nyingi zinaenda kuazima kwa jirani ili karani anywe chai. Kiema, dereva wetu, hachoki kusimulia vile mvua ya 1997 iliyeyusha sukari hiyo, sisimizi wakala fomu zote za Ekalakala, na mkubwa mmoja wa ofisi kuu ya Nairobi akapiga simu: "Haya matundu ni jibu la swali gani?"

Ni yeye pia aliyeona jambo la Wamunyu. Jirani mmoja alijengewa nyumba ya mawe na mtoto wake anayeishi Syokimau, na kaya sita za karibu zikashuka kidaraja kizima, ingawa hakuna aliyepoteza hata kuku. Hilo liliingia kwenye ripoti kubwa. Jina la Wathome liko ukurasa wa mwisho, na limekosewa.

Lakini kinachomkaa moyoni kiko Muthetheni, kwa mama mzee Kasyoka. Machi 2009 Wathome alimuuliza swali la ngazi, yeye karani akiwa ameketi kwenye kiti pekee cha nyumba hiyo, kikombe mkononi. Mama akasema nane, Wathome akaandika nane. Miezi michache baadaye njaa iliingia, na waliogawa unga wakafuata orodha yetu, wakianza na waliosema wako chini kwenye ngazi. Nyumba iliyosema nane ikarukwa. Mjukuu wake Ndunge akaacha darasa la saba, akaenda kufua nguo za watu mjini. Wathome alipopata habari alikaa ofisini siku nzima bila kuvua koti.

Ndipo akaelewa. Kwetu huku mgeni akiwa ameketi huwezi kumwambia huna, ni kama kumfukuza. Akaanza kuliuliza swali hilo njiani, akisindikizwa, kwa sababu mtu akishakutoa hadi njia panda, wewe si mgeni tena. Mwongozo unasema liulizwe ndani. Alipata barua mbili za onyo na hakuacha. Majibu ya njiani yalishuka, yakafanana na yale masufuria matupu aliyoyaona jikoni.

Isipokuwa la Kasyoka. Huyo hata njiani, na fimbo yake, alimcheka: "Wathome mwanangu, nane yangu iko pale pale. Ama nikuongezee moja upeleke kwako?" Kila mara Nairobi walirudisha fomu ikiwa na duara jekundu, eti anayekula mara moja kwa siku hawezi kuwa nane. Wathome angeandika tatu kwa kalamu yake, unga ungefika. Badala yake aliandika pembeni, "Ndivyo alivyosema mwenyewe," kisha akatuma barua kuomba orodha ya unga ifuate sufuria, isifuate ngazi. Barua hizo hazikujibiwa.

Machi mwaka huu nilienda na Wathome kwa Kasyoka kujifunza kazi, mtoto wangu mgongoni. Alipomaliza maswali ya ndani aliinuka kama kawaida. Kasyoka hakuinuka. Akasema kutoka kitandani, "Leo sikusindikizi, mwanangu. Niulize hapa hapa."

Akamuuliza.

"Andika mbili."

Aliandika. Tulipofika njia panda alisimama kidogo, akatazama nyuma, kama mtu anayemngoja mwenzake. Fomu hiyo Nairobi hawakuirudisha. Mara hii hapakuwa na duara.

Mimi ndiye nimepewa njia ya Muthetheni. Sukari nitabeba. Ndunge amerudi kumtunza nyanya yake, na ameniambia kwa simu kwamba wiki jana Kasyoka alikunywa uji, akaulizia fimbo. Naamini siku moja atanisindikiza, hata kama ni hadi mlangoni tu.

Asante, Mzee Wathome, kwa kuandika watu vile walivyosema. Miaka yote hii hakuna hata mmoja wetu aliyekuuliza wewe. Leo sherehe ikiisha tutakusindikiza hadi langoni, na pale utakuwa si mgeni tena. Tutakuuliza uko kidaraja cha ngapi. Sema ukweli, tutauandika hivyo hivyo. Na popote utakapokuwa umesimama, tunakuombea maisha mema.

Syombua (Mama Wesley), kwa niaba ya wenzako