Kuwahata Eiji, Dereva Aliyeogopa Kimya

Marehemu Kuwahata Eiji alizaliwa tarehe 9 Machi 1934 karibu na Yoshimatsu, mkoani Kagoshima, mtoto wa tatu wa wakulima wa mpunga. Alipomaliza shule ya kati, mwaka 1949, aliajiriwa kwenye karakana ya reli kufuta masizi. Akapanda kuwa mchochea moto, na mwaka 1961 akawa dereva wa C55, injini ya mvuke ya treni za abiria. Magurudumu yake makubwa yalikwenda mbio kwenye tambarare. Mlimani, reli ikilowa, yaliteleza.

Katika kazi ile dereva huinyooshea kidole taa ya ishara na kutaja rangi yake kwa sauti, na mchochea moto hujibu. Handakini, treni ikipita ndani ya mlima na moshi ukishaficha kila kitu, ni sauti hiyo tu inayomwambia mtu kwamba mwenzake yu hai.

Novemba 1963 injini yake iliteleza na kukwama ndani ya handaki, kwenye mwinuko. Marehemu, taulo bichi mdomoni, alimwita mchochea moto wake, Obata. Kimya. Akaita tena. Kimya. Kurudi nyuma kulimtisha kuliko moshi: bondeni kwao hakuna asiyejua treni ya mwaka 1945 iliyorudi nyuma handakini na kuwakanyaga abiria walioshuka kukimbia moshi. Lakini Obata hakujibu. Marehemu alipiga honi, akalegeza breki, akarudi taratibu huku akitega sikio chini, kwenye magurudumu. Walipofika nje, hakuna aliyeumia. Obata alikuwa amejikunja juu ya makaa ya mawe, anatapika.

"Mbona hukunijibu?"

"Nilikujibu, kaka! Ulikuwa unapiga kelele kama nguruwe anayekamatwa, ungenisikia saa ngapi?"

Obata alikicheka kisa hicho miaka yote. Marehemu hakucheka.

Alikuwa amemwoa Fumie mwaka 1958, wakajaliwa binti, Natsue. Nyumbani mambo yalikuwa yale yale. "Jiko, limezimwa!" aliita, na mkewe sharti ajibu, "Limezimwa!" Siku moja Fumie, aliyenuna kwa sababu mumewe alimaliza figili za kuchachua alizowawekea wageni, alinyamaza makusudi. Marehemu alitoka bustanini mbio, akapanda kwenye mikeka na viatu vyake vya tope.

"Mikeka yangu, baba Natsue!"

"Si ungejibu!"

Fumie alitaka kucheka, akaona mumewe bado anamtazama mdomo, akingoja jibu. Hakunyamaza tena.

Alistaafu mwaka 1989. Mwaka 2011 mapafu yalianza kumsumbua. "Usiniache kwenye kimya," alimwambia mkewe hospitalini. Kila aliposhtuka alinyoosha kidole dirishani: "Mbele?"

"Kijani!" Fumie alijibu.

Alasiri ya tarehe 14 Januari 2013 aliuliza, akajibiwa. Kisha Fumie akamwita yeye. Akamwita tena, kwa sauti iliyowaleta wauguzi.

"Mama, basi," Natsue alisema.

"Nyamaza. Huenda ananijibu, ni kelele zangu tu."

Wote wakanyamaza, wakasikiliza.

Ameacha mjane, Fumie, binti, Natsue, na mkwe, wajukuu wawili, na Obata, aliyefika leo kwa mkongojo. Gari la jeneza litakapopiga honi kuondoka, Obata ataita, "Mbele?" Tafadhali tujibu sote, kwa sauti.

Apumzike pasipo moshi.